Nani Hapa Mfanyabiashara, na Nani Myahudi?

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi wa fasihi na sanaa za maonyesho, na nyote mliofika jioni hii:

Nianze na neno ambalo Mkenya yeyote aliyemo ukumbini analijua bila kufungua kamusi. Jijini Nairobi, mtu akibanwa na kodi ya nyumba, karo ya mtoto na bili ya hospitali katika mwezi mmoja, na benki ikawa imemkatalia, atakuambia kwamba amekwenda kwa shailoki. Ameacha hati ya gari, au televisheni, na amechukua fedha ambazo riba yake haisubiri mwaka uishe. Ndugu zetu wa Tanzania mkopo wa namna hiyo wanauita kausha damu. Majina haya mawili yanataja maumivu yale yale, lakini hayakuzaliwa nyumba moja. Kausha damu limetoka kinywani mwa aliyekopa, na linaeleza kinachompata. Shailoki limetoka jukwaani London, miaka zaidi ya 400 iliyopita, nalo ni jina la mtu, tena mtu wa dini mahususi, na wengi wanaolitamka kila siku hawajapata kukutana na muumini hata mmoja wa dini hiyo.

Mtu huyo ni Shylock, mkopeshaji wa Kiyahudi katika tamthilia ya William Shakespeare ambayo sisi tunaifahamu kwa jina alilolipa Mwalimu Julius Nyerere, Mabepari wa Venisi. Nimeombwa nizungumzie chuki ya kidini kati ya Wakristo na Wayahudi katika tamthilia za kale. Ningeweza kuwapitisha katika tamthilia kumi, lakini nimeona heri tukae na hii moja zaidi ya nyingine, kwanza kwa sababu ndiyo iliyotufikia, na pili kwa sababu chuki iliyomo ndani yake ni ya pande mbili ilhali sheria ni ya upande mmoja. Tofauti hiyo tumekuwa tukiipita mbio darasani, tukiwahi mtihani.

Uingereza ambayo Shakespeare aliiandikia ilikuwa karibu haina Wayahudi. Mfalme Edward wa Kwanza aliwafukuza wote mwaka 1290, na hawakuruhusiwa tena kuishi huko waziwazi hadi mwaka 1656, wakati wa utawala wa Oliver Cromwell. Tamthilia hii iliandikwa yapata mwaka 1596 au 1597. London ya wakati huo ilikuwa na familia chache tu zenye asili ya Kiyahudi, nyingi zikiwa zimetoka Ureno, zilizobatizwa na kuhudhuria kanisani kama majirani zao. Kwa hiyo watazamaji waliojaa ukumbini kumzomea Myahudi walikuwa wakimzomea mtu ambaye wao, wazazi wao na mababu wa mababu zao hawakuwahi kununua kwake hata sindano. Walimpata wapi? Walimpata katika mahubiri, na walimpata jukwaani.

Lipo igizo moja la Kiingereza la karne ya 15, linaloitwa la Croxton, ambalo watu wa fani yetu wangefaidika wakilisoma sambamba na Shakespeare. Humo Myahudi anamlipa mfanyabiashara Mkristo ili amwibie ekaristi kanisani. Wayahudi wanaichoma visu, inatoka damu, muujiza unafuata muujiza, na mwishoni wote wanaangukia miguu ya askofu na kubatizwa. Linalonivutia ni namna adhabu ilivyogawanywa. Yule mfanyabiashara Mkristo naye anahukumiwa: haruhusiwi tena kununua wala kuuza maisha yake yote. Mmoja amepoteza biashara, mwingine amepewa ubatizo. Shikeni hapo, maana tukifika mahakamani tutakuta adhabu zote mbili zimerundikwa juu ya kichwa kimoja.

Sitakaa sana kwa Christopher Marlowe na tamthilia yake ya Myahudi wa Malta, kwa sababu Barabas wake ni jini zaidi kuliko mtu: anawatilia sumu watawa wa kike, binti yake mwenyewe akiwa miongoni mwao, na anamalizikia ndani ya chungu kikubwa cha maji yanayochemka. Lakini tamthilia hiyo ilipata wateja wengi mwaka 1594, na sababu yake si ya kisanaa. Mwaka huo, mwezi wa Juni, Roderigo Lopez, Mreno wa asili ya Kiyahudi aliyekuwa tabibu wa Malkia Elizabeth, alinyongwa na mwili wake kukatwakatwa hadharani kwa tuhuma ya kutaka kumwekea Malkia sumu. Lopez aliishi akiwa Mkristo. Mwanahistoria William Camden ameandika kwamba alipokuwa amesimama chini ya kitanzi, mtu huyo alitamka kuwa anampenda Malkia kama anavyompenda Yesu Kristo, na umati ukaangua kicheko. Huenda lilikuwa neno la kweli kuliko yote aliyopata kusema, lakini katika masikio yao Myahudi aliyetaja jina la Yesu alikuwa anatania tu. Ubatizo haukumfuta asili yake mbele ya watu wale. Kicheko hicho Shakespeare alikifahamu, maana ndicho kilichokuwa kikimletea riziki yeye na wenzake, na nakala ya kwanza ya tamthilia yake ilipochapwa mwaka 1600 jalada lilimwahidi mnunuzi ukatili uliopindukia wa Shylock Myahudi, kama mwuza samaki anavyonadi changu aliye juu ya fungu.

Venice yenyewe ilikuwa na Wayahudi, nao walikuwa na mahali pao. Mwaka 1516 serikali ya mji iliwaamuru wakae katika kisiwa kidogo kilichozungukwa na mifereji, chenye malango yaliyofungwa usiku, yakilindwa na walinzi Wakristo ambao mishahara yao ililipwa na hao hao waliofungiwa. Mchana walitoka kufanya shughuli zao wakiwa wamevaa alama ya kuwatambulisha. Malango hayo hayakuondolewa mpaka askari wa Napoleon walipofika mwaka 1797. Neno geto, ambalo kwa vijana wetu leo ni chumba cha kupanga cha kijana asiyeoa, mizizi yake iko pale. Shakespeare hautaji mtaa huo hata mara moja, lakini mpaka wake unasikika katika maneno ya Shylock tangu anapotokea. Anapoalikwa chakula anajibu, nami nasema kwa maneno yangu, kwamba atanunua nao, atauza nao, atatembea nao na kuzungumza nao, ila hatakula nao, hatakunywa nao, wala hatasali nao. Sisi watu wa pwani, ambao mgeni hatujamhesabu kuwa amefika mpaka amenawa mikono, tunaweza kuupima ukali wa jibu hilo.

Na tusimfanye malaika. Shylock, akisema peke yake ili watazamaji wamsikie na Antonio, mfanyabiashara Mkristo, asimsikie, anatamka wazi kwamba anamchukia Antonio kwa kuwa ni Mkristo, kisha anaongeza kwamba anamchukia zaidi kwa sababu hukopesha watu bure na kushusha bei ya riba mjini. Dini na hesabu zimo katika pumzi moja. Baadaye, katikati ya kesi, atanong'ona kuwa afadhali binti yake angeolewa na mmoja wa ukoo wa Baraba mnyang'anyi kuliko Mkristo. Huyu ni mtu mwenye chuki yake, aliyeilea na kuilisha.

Lakini sikilizeni upande wa pili ulivyo. Antonio, mfanyabiashara anayesifiwa na kila mtu kwa upole, amemtemea Shylock mate kwenye joho, amemwita kafiri na mbwa mbele ya wafanyabiashara wenzake. Shylock anapomkumbusha hayo siku aliyokuja kumkopa dukati 3,000, Antonio hakanushi wala haombi radhi. Anasema yuko tayari kumwita hivyo tena, kumtemea tena na kumpiga teke tena, na bado anataka fedha. Nimeishi miaka mingi kiasi cha kuwaona watu wakikopa, na nimewaona wakinyenyekea na wakidanganya, ila sijapata kumwona mtu akikopa huku akitukana. Wahenga wamesema kukopa harusi, kulipa matanga, lakini Antonio hata harusi hakuona sababu ya kuichezea ngoma, kwa sababu hakuhesabu kwamba aliyemkopesha ni mtu wa kuonewa haya.

Hapa suala la riba linahitaji neno. Kanisa la zama za kati lilimkataza Mkristo kumtoza Mkristo mwenzake riba, na sheria za miji mingi ziliwanyima Wayahudi ardhi na kazi nyingi nyingine, kisha wakaachiwa kukopesha na kulaumiwa kwa kukopesha. Unafiki wake ni kwamba Wakristo walikopesha pia. Bunge la Uingereza lilikuwa tayari limelegeza kamba mwaka 1571, ambapo riba isiyozidi asilimia 10 ilianza kuvumiliwa, na baba yake Shakespeare mwenyewe, mzee John, alishtakiwa mwaka 1570 kwa kukopesha kwa riba. Kwa hiyo mwandishi hakuwa na haja ya kusafiri hadi Venice kumtafuta mkopeshaji. Angeweza kumkuta mezani nyumbani kwao. Alipomvika mkopeshaji joho la Kiyahudi alikuwa ameuchukua mzigo wa wenyeji wote na kumtwisha mgeni.

Niseme pia juu ya Jessica, binti wa Shylock, kwa sababu walimu wengi humpitia kana kwamba ni hadithi ya mapenzi tu. Usiku ambao baba yake amekubali, kinyume cha kauli yake, kwenda kula kwa Wakristo, binti anarusha kasha la vito dirishani na kutoroka na Lorenzo, kijana Mkristo. Miongoni mwa alivyochukua ni pete ya feruzi ambayo Shylock alipewa na Leah, mkewe, kabla hajaoa. Habari zinamfikia kwamba binti ameibadilisha pete hiyo kwa tumbili. Mtu ambaye tangu mwanzo ametajwa kwa fedha zake, hapo analia kwa kitu ambacho thamani yake haina bei, na anasema asingeitoa kwa mwitu mzima wa tumbili. Jessica naye anabatizwa akitumaini kwamba sasa ni mwenzao. Anapowasili Belmont, nyumbani kwa bibi tajiri Portia, Gratiano, rafiki wa Antonio, anawakaribisha kwa kusema: huyo anakuja Lorenzo na kafiri wake. Mtumishi Launcelot naye anamtania kwamba Wayahudi wakiendelea kugeuzwa kuwa Wakristo, nyama ya nguruwe itapanda bei. Mnakumbuka kicheko kule kwenye kitanzi cha Lopez.

Hotuba ya Shylock inayoanza kwa kuuliza kama Myahudi hana macho, mnaijua. Je, hana mikono, hisia, mapenzi? Ukimchoma hatoki damu? Ukimtekenya hacheki? Nilipokuwa kidato cha tatu, tuliigiza tamthilia hii shuleni, nami nilipewa nafasi ya Gratiano, mzomeaji mkuu. Mwenzetu aliyepewa Shylock alivalishwa pua ya karatasi ngumu iliyopakwa rangi, na alifundishwa kutembea akiwa amepinda mgongo. Alipofika kwenye hotuba hiyo, watazamaji ambao tangu jioni walikuwa wakicheka walinyamaza kabisa, mpaka tukamsikia mtoto mchanga wa mwalimu mmoja akilia nyuma. Kisha akaendelea na sehemu ambayo wengi hatuinukuu, isemayo kwamba ukitudhulumu, je, tusilipize kisasi, maana hilo nalo tumejifunza kwenu. Kicheko kikarudi, kwa nguvu zaidi. Mwaka mzima uliofuata kijana yule aliitwa Myahudi bwenini, na mtu akiombwa kalamu na akakataa, naye aliitwa Myahudi. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemwona Myahudi. Jina tulilitoa jukwaani tukaenda nalo bwenini, kama lilivyotoka London likafika kwa wakopeshaji wa Nairobi.

Waigizaji wakubwa wamepambana na jambo hili. Edmund Kean, mwaka 1814 katika ukumbi wa Drury Lane, alimwonyesha Shylock akiwa mtu mwenye akili na uchungu, na Henry Irving alimpa heshima zaidi mwaka 1879. Kwa upande mwingine, mwaka 1943, Vienna ikiwa chini ya Wanazi na Wayahudi wake wakiwa wameshahamishwa na kuuawa kwa maelfu, ukumbi wa Burgtheater ulimpandisha jukwaani Werner Krauss ili watu wapate tena kumzomea Shylock. Maneno yalikuwa yale yale ya Shakespeare. Ndiyo maana sikubali hoja kwamba tamthilia nzuri hujilinda yenyewe.

Wajerumani walikuwa na tamthilia nyingine, ya Gotthold Ephraim Lessing, iliyochapwa mwaka 1779, juu ya Nathan mwenye hekima, Myahudi wa Yerusalemu anayeulizwa na Sultani Saladin ni dini ipi iliyo ya kweli, naye anajibu kwa kisa cha baba aliyewaachia wanawe watatu pete tatu zisizotofautishwa. Wanazi waliifungia isichezwe mbele ya umma. Mwezi Septemba mwaka 1945, katikati ya magofu ya Berlin, ukumbi wa Deutsches Theater ulifunguliwa upya kwa tamthilia hiyo. Naiheshimu sana, ila kwa jukwaa naona ni dhaifu kuliko ya Shakespeare, kwa sababu Nathan ni mwema mno. Ni rahisi kumvumilia Myahudi ambaye hana kosa. Shylock anatuuliza swali gumu zaidi: je, mtu mwenye kisasi moyoni na kisu mkononi bado ana haki mbele ya sheria?

Nikirudi kwa Mwalimu Nyerere: tafsiri yake ilitoka mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Jina la Kiingereza linamtaja mfanyabiashara mmoja, na huyo ni Antonio, ingawa watu wengi hudhani ni Shylock. Kiswahili kimeweka wengi. Bepari ni neno lililotufikia kutoka India, na zamani lilimaanisha mfanyabiashara mkubwa bila lawama yoyote. Kufikia mwaka 1969 lilikuwa limeshabeba unyonyaji wote wa dunia. Kwa herufi chache za mwanzo wa neno, mji mzima ukawekwa kizimbani, Mkristo na Myahudi bega kwa bega. Naipenda sana hatua hiyo, kwa kuwa inajibu swali ambalo Portia anauliza anapoingia mahakamani amevaa kama mwanasheria: nani hapa mfanyabiashara, na nani Myahudi? Hata hivyo jibu hilo lina upungufu wake. Mahakama ya Venice haimhukumu Shylock kwa sababu ya ubepari. Angehukumiwa kwa ubepari, Antonio angesimama naye.

Tuitazame kesi basi, polepole. Shylock ana hati ya deni: siku imepita, anadai ratili moja ya nyama ya Antonio, karibu na moyo. Amekuja na mizani. Ananoa kisu kwenye soli ya kiatu chake. Wanapomwambia aonyeshe huruma, anawakumbusha jambo ambalo hakuna anayelijibu, kwamba wao wenyewe wana watumwa waliowanunua, wanaowatumia kama punda na mbwa wao, na hawangekubali mtu awaambie wawaache huru wakawaoze kwa watoto wao. Watumwa ni wenu, anasema, na nyama hii ni yangu. Nchi zilizoona misafara ya watumwa ikishuka Bagamoyo na kuvuka kwenda Unguja zinapaswa kusimama hapo hata kama Venice haikusimama.

Portia anasema maneno mazuri juu ya rehema, kisha anaisoma hati: nyama imetajwa, tone la damu halikutajwa. Mara nyingi tunafundisha kwamba kesi iliishia hapo, na sivyo. Shylock anakubali kurudishiwa fedha zake, anakataliwa. Anaomba mtaji tu, anakataliwa. Anataka kuondoka, anazuiwa. Ipo sheria nyingine, Portia anaeleza, kwamba mgeni akithibitika kutafuta uhai wa raia, nusu ya mali yake ni ya raia yule ambaye mgeni alitaka kumdhuru, nusu ya serikali, na uhai wake u mikononi mwa Mtawala. Mgeni. Shylock amefanya biashara katika mji ule, amelea mtoto pale, ana sinagogi lake pale, na katika hati ya deni alikuwa mtu sawa na mwingine. Siku ya hukumu ameambiwa kwamba kuna sheria ya raia na sheria yake.

Kisha Antonio anaombwa aonyeshe rehema. Anapendekeza masharti, na la kwanza ni kwamba Shylock awe Mkristo mara moja. La pili ni kwamba mali yake yote atakapokufa iende kwa Lorenzo aliyemtorosha binti yake. Mtawala anaongeza kwamba asipokubali, msamaha unafutwa. Akibatizwa hatakopesha tena kwa riba, kwa hiyo kazi imekwisha. Sinagogini alikokuwa akikutana na rafiki yake Tubal hataingia. Na tumeshaona jinsi Wakristo wanavyomwita Jessica aliyebatizwa kwa hiari yake. Portia anamwuliza kama ameridhika. Anajibu: nimeridhika.

Nawaomba ninyi mtakaoigiza tamthilia hii msiharakishe jibu hilo, wala msimpe mwigizaji pua ya karatasi. Maneno yanayofuata ni machache. Shylock anaomba ruhusa aondoke, anasema hajisikii vizuri, hati wampelekee nyumbani ataitia saini. Gratiano, niliyekuwa mimi, anamfuata kwa mzaha kwamba katika ubatizo atapata wasimamizi wawili, na kama yeye angekuwa hakimu angemwongezea kumi, wakampeleke kwenye kitanzi badala ya kisima cha ubatizo. Shylock anatoka, na hatumwoni tena. Mstari unaofuata, mlango ukiwa haujatulia, Mtawala anamgeukia yule mwanasheria kijana na kumwambia: bwana, nakuomba twende nyumbani kwangu tukale chakula.